Radi Katika Darasa la Bi Harieti

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Maulidi Ntandu aliota ubao umekuja kumchukua.

Ili mtu aelewe kwa nini ubao ulimfuata yeye na si jirani yake, inafaa kwanza amjue Maulidi. Mji mzima wa Singida ulimwita Radi. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu kwenye kibanda umiza: filamu inachezwa, sauti inapunguzwa, naye anasimama pembeni na kipaza sauti akiwaambia watazamaji wanachosema wale watu wa kwenye kioo. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini sauti alijaliwa, nzito, ya kutikisa mabati. Palipokuwa na ngumi alizikoleza. Pasipokuwa na ngumi alizileta. Kijana na mchumba wake wakiagana kituo cha treni kwa machozi, Radi angenguruma, "Nenda, lakini ukirudi nakuzika mzima!" na kibanda chote kingepiga mbinja.

Wiki ile Bi Fausta, mwalimu mkuu wa sekondari moja pale mjini, alimwendea na jambo zito kidogo. Kidato chake cha pili kilikuwa kimegawanyika. Watoto wenye asili ya Kiarabu, wa familia za madukani, walikaa dirishani. Wanyaturu walishika katikati. Watoto wa wafugaji wa Kibarabaigi walikaa nyuma. Hakuna aliyemwazima kalamu mtu wa upande mwingine. Juzi yake madawati mawili yalikuwa yametupwa nje kupitia dirishani, na watu walishukuru kwamba hayakuwa na wenyewe. Bi Fausta alikuwa amepata filamu ya Kimarekani kuhusu mwalimu aliyelipatanisha darasa la wazungu, weusi na Wameksiko. Alitaka watoto waione Jumamosi, na Radi aitafsiri.

"Lakini kwa upole, Radi," alisema. "Ni filamu ya kutia moyo."

"Mwalimu, wewe usijali. Moyo nitautia."

Radi aliitazama mara moja nyumbani, sauti ikiwa chini kwa sababu mtoto alikuwa amelala, akakuta ina maongezi kutoka mwanzo mpaka mwisho na haina hata teke moja. Alimsikitikia aliyeitengeneza. Akakaa kuitungia maneno yanayoeleweka, na alipopanda kitandani alikuwa na ngumi za kumtosha kila mtu mle ndani.

Ndipo ubao ukaja.

Uliingia bila hodi, kwa kuwa ulikuwa mpana kuliko mlango na nguvu zake zote zilikwenda kwenye kupita. Ulisimama miguuni pa kitanda kwa miguu yake miwili, ukakohoa vumbi la chaki.

"Wewe ndiye Radi?"

"Inategemea anauliza nani," Maulidi alisema.

"Ubao. Darasa la Bi Harieti. Unatakiwa."

"Saa hizi? Mke wangu amelala."

"Tumwamshe, twende naye?"

"Hapana," Maulidi alisema haraka. "Twende."

Alitaka kuvaa suruali. Ubao ulisema suruali inaweza kusubiri, ila tai ni lazima, kwani katika filamu za namna ile mwalimu hutambuliwa kwa tai. Tai ikatoka chini ya kitanda, ikampanda taratibu kama mjusi na kujifunga shingoni. Basi Maulidi akatoka hivyo, na bukta yake ya bluu yenye tundu kwa nyuma, na tai.

Ubao unafungua mlango wa choo cha uani. Ndani si choo. Ni ukumbi mrefu wa shule ya Kimarekani, wenye makabati ya chuma huku na huku. Maulidi anatembea, lakini miguu haiendi. Kila hatua inachukua muda wa kuchemsha chai.

"Miguu yangu ina nini?"

"Haina kitu. Unaingia darasani kwa mara ya kwanza," ubao unasema. "Hapa wote hutembea polepole, ili anayetazama aone uchungu."

Nyuma yao inakuja fidla, peke yake, bila mpigaji. Maulidi akiwaza jambo lolote la huzuni, inalia. Anakumbuka jino lake la mbele lililong'olewa hospitali, na fidla inalia mpaka makabati yanafunguka yenyewe kusikiliza. Anajaribu kuwaza ugali. Fidla inaendelea, ila kwa sauti ya chini, kwa heshima ya chakula.

Wanafika darasani.

Maulidi alikuwa amesikia mara nyingi kwamba darasa limegawanyika, akadhani ni maneno ya watu. Lakini sakafu imepasuka. Mipasuko ni miwili, mirefu, na ukichungulia huoni mwisho wake. Darasa limekuwa vipande vitatu: kipande cha dirishani wamekaa wazungu, cha mlangoni weusi, cha ukutani Wameksiko. Katika kona amekaa Bi Harieti mwenyewe, yule mwalimu wa filamu, juu ya mabaki ya meza yake. Ni mwanamke mwembamba mwenye uso wa huruma. Mikono tu ndiyo imevimba.

"Shikamoo, Mwalimu," Maulidi anasema, maana mwalimu ni mwalimu hata Marekani.

Bi Harieti anatabasamu na kufumbua mdomo. Midomo inacheza kwa muda mrefu, taratibu, kama ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Kisha sauti inatoka.

"Nitawavunja taya mmoja mmoja!"

Ni sauti ya Maulidi. Na kabla hajajibu, mkono wa Bi Harieti unapanda juu wenyewe na kushuka kwenye dawati la karibu, likawa mawili. Bi Harieti anautazama mkono kwa aibu, kama mtu ambaye mwanawe amecheua mbele ya wageni.

"Tangu ulipomtungia maneno hana mengine," ubao unaeleza. "Hawa wote hawana mengine."

Kwenye kipande cha ukutani anasimama msichana mwenye nywele ndefu. Maulidi anamjua: ni Marisoli, wa mwanzo kabisa kugombana katika ile filamu. Ng'ambo ya mpasuko, mlangoni, amekaa Deshoni, kijana mwenye mabega mapana. Marisoli anamnyooshea kidole. Macho yamemjaa machozi. Midomo inacheza, inatetemeka, kisha:

"Leo utakula mchanga!"

Anajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, lakini limeshatoka.

Deshoni anashika kifua, anashangaa, anataka kuuliza kitu. Midomo yake inacheza. "Kamwambie mama yako aanze kuchonga jeneza!"

Mpasuko unalia kama gunia linalochanika na kuongezeka upana wa mikono miwili.

Kaili, kijana wa kizungu wa dirishani, mrefu, mwenye miwani, anainua mikono kuwatuliza. "Nitawapiga," anasema kwa sauti ileile nzito, "mpaka vivuli vyenu viombe msamaha!"

Maulidi anashindwa kujizuia kucheka. Ule mstari wa vivuli aliutunga akiwa anaoga, na sasa anauona umekaa vizuri. Anatazama huku na huku kama kuna aliyeusikia.

"Tumeusikia," sauti inasema kutoka chini.

Anainama. Kutoka mpasukoni yanapanda maandishi meupe, madogo, kama siafu waliopakwa chokaa. Yanajipanga mstari mmoja miguuni pake.

"Nyinyi ni nani?"

"Sisi ni Maandishi ya Chini. Tumekuwa chini ya kila filamu uliyotafsiri. Hukuwahi hata kututupia jicho."

"Nyinyi mko kwa Kiingereza."

"Tulikuwa. Tumejitafsiri wenyewe, tumechoka kukungoja." Maandishi yanageuka kuelekea kwa Marisoli. "Yule binti unajua amesema nini? Amesema: tafadhali, umekalia koti la marehemu kaka yangu."

Maulidi anatazama. Ni kweli. Deshoni amekalia koti la kijivu, sikio moja la kola linaning'inia, na inaonekana wazi kwamba hajui.

"Na yeye?"

"Amesema: mimi? Koti gani?"

"Na yule wa miwani?"

"Kwamba koti lilidondoka, yeye ndiye aliyeliokota na kuliweka pale. Anaomba radhi."

Maulidi anawaza kidogo. Fidla inaanza, anaikata jicho, inanyamaza. "Hayo hayana mvuto," anasema. "Watu wangetoka kibandani."

"Watu hawatoki," ubao unasema. "Hebu tazama dirishani."

Upande wa pili wa dirisha, kama mtu anavyotazama kioo cha video, kimekaa kidato cha pili cha Bi Fausta, na sare zao. Maulidi anamtambua Thuwaiba, binti wa duka anakonunua betri za kipaza sauti. Anamtambua Gidamisi, kijana mrefu wa Kibarabaigi ambaye hakosi kibandani siku za Jumapili na huondoka akirudia kila mstari wa Radi njia nzima. Wametulia, wanatazama ndani. Huku sakafu inapasuka mkono mmoja. Kule Thuwaiba anavuta dawati lake mkono mmoja. Huku Deshoni anaitisha jeneza; kule Gidamisi anacheka, kisha anamgeukia mtoto wa mbele yake na kulijaribu lile neno mdomoni. Mtoto wa mbele anasimama. Ameshika mguu wa dawati.

Maulidi hakucheka tena. Alipenda kupigiwa mbinja, lakini hakuwahi kumuona mtu akitoka na neno lake amelishika kama rungu.

"Mwambieni Bi Harieti awapatanishe," anasema. "Si ndiyo filamu yake?"

"Amefukuzwa kazi. Amevunja madawati yote ya halmashauri," ubao unasema. "Ndiyo maana umevaa tai."

"Mimi?"

"Na fanya upesi. Filamu iko karibu kuisha. Ikiisha hivi, ndivyo watakavyobaki."

Maulidi hakuwa mwalimu, lakini filamu alizijua. Alijua kwamba pakifika hapo mwalimu hupanda juu ya dawati na kutoa hotuba. Anapanda.

"Kila mara," dawati linasema chini yake.

"Samahani?"

"Kila mara mnanipanda. Watu wazima. Na hakuna hata mmoja anayevua viatu."

"Mimi sina viatu."

Dawati linafikiri. "Haya, wewe sema."

Maulidi anasafisha koo. Fidla inajiweka tayari. Anawatazama wale watoto kwa upendo, anatafuta neno laini, na neno laini halipo. Anapekua kifuani mpaka tumboni. Miaka yote aliweka ngumi tu.

"Wanangu," anaanza, na jasho linamtoka. "Wanangu wapendwa... atakayesogea namng'oa meno na kumvisha shanga!"

Mpasuko unachanika. Ukuta mmoja unakwenda zake.

"Labda mvua," ubao unashauri. "Wakati mwingine mvua husaidia."

Mvua inanyesha mle mle darasani. Wote wanalowa. Haisaidii.

Ndipo anaingia mwanamke mrefu, amevaa gauni la kazi, mkoba begani, anatembea kama mwenye haraka ya ofisi.

"Naomba njia," anasema. "Mimi ni Miezi Mitatu Baadaye."

Anapita katikati ya darasa. Anapopita, nywele za watoto zinarefuka, Kaili anaota masharubu, Maulidi anapata ndevu mpaka kwenye tai. Mwanamke anafika mwisho wa darasa, anageuka kutazama, anakunja uso. Vipande bado ni vitatu na vimeachana zaidi.

"Ajabu," anasema. "Kwa kawaida nikishapita, watu wanakuwa wameshapendana. Kwani hamkufanya chochote?"

"Hatukujua kama unakuja," Maulidi anasema.

"Mimi huwa sipatanishi. Mimi napita tu." Anatazama saa yake na kuondoka.

Sasa hakuna tena darasa. Maji yamepanda kutoka mipasukoni, na wako Singida, Ziwa Singidani, upepo unavuma kama kawaida yake, korongo wa rangi ya waridi wamesimama kwa mguu mmoja wakitazama. Wazungu wako juu ya jiwe moja kubwa, weusi juu ya jingine, Wameksiko juu ya la tatu. Maulidi yuko juu ya dawati lake, linaelea na kulalamika kuhusu chumvi. Dirisha limesimama palepale majini, na nyuma yake watoto wa Bi Fausta wamesimama wote.

Marisoli anafumbua mdomo, kwa woga. Maulidi anahisi sauti yake inapanda kooni kwenda kumsemea. *Leo utakula mchanga* limeshafika kwenye ulimi, linakimbia kama mbuzi aliyeona geti wazi.

Maulidi anafunga mdomo.

Lile neno linagonga meno. Linarudi nyuma, linagonga tena. Linajaribu pale penye pengo la jino la mbele, na linatoa pembe nje. Maulidi anaziba pengo kwa kidole gumba. Mashavu yanamvimba. Machozi yanamtoka. Katika maisha yake hajawahi kuona mtu mdomo wazi kwenye filamu akaacha kumsemea. Fidla nayo, kwa kumuona vile, imesahau kulia.

Halafu inasikika sauti ndogo, yenye mafua. Ni ya Marisoli, ya kwake mwenyewe. Maulidi haelewi hata neno moja.

Deshoni anaelewa. Anainuka, anatazama alipokuwa amekaa. Analiona koti. Analichukua kwa mikono yote miwili, kama anayepokea mtoto, anakung'uta vumbi, anakunja mikono ya koti vizuri. Anasema kitu. Kisha ananyoosha koti kuelekea kwa Marisoli, na maji ni mapana, mkono haufiki.

Kila mtu anageuka kumtazama Maulidi. Maulidi bado ana kidole mdomoni. Anautazama ubao.

"Unanitazama nini?" ubao unasema.

Maulidi anaendelea kuutazama.

"Mimi ni wa kuandikia," ubao unasema.

Maulidi anainua nyusi.

"Haya, haya. Ubao ni ubao." Unakunja miguu yake, unalala juu ya maji kati ya mawe. "Lakini wapite mmoja mmoja, na asije mtu akanisugua."

Deshoni anavuka. Marisoli analichukua koti, analinusa, analivaa. Linamzidi mikono. Kaili anavuka pia, miwani mkononi, anasema sana, na anapomaliza Marisoli anamkalipia kwa sauti ile ya mafua, kisha wote watatu wanaongea kwa pamoja. Wengine wanavuka kwa makundi. Ubao unahesabu na kuguna. Kaili anateleza, Deshoni anamdaka kwa shati, shati linachanika, na hapo ndipo kicheko cha kwanza kinapotoka, hakijulikani ni cha nani. Kisha Marisoli anatazama upande wa Maulidi, anasema neno moja, na jiwe zima linaangua kicheko. Hata Bi Harieti anacheka, ameshika mikono yake yenye uvimbe.

Maulidi anatoa kidole mdomoni. Lile neno limeshachoka, limelala.

"Wanasema nini?" anayauliza Maandishi.

"Wanaongelea bukta yako."

"Vizuri au vibaya?"

"Unataka tafsiri ya kweli au ile yako?"

Maulidi anashika bukta yake kwa nyuma, penye tundu. Hakufurahi. Ametafsiri filamu miaka mingi, na hakuna siku watu walicheka hivyo bila yeye kufungua mdomo. Lakini anapotazama dirishani anamuona Gidamisi naye anacheka, na Thuwaiba amejiegemeza kwenye dawati la mtu asiyemjua akifuta machozi, na yule aliyekuwa ameshika mguu wa dawati sasa ameukalia.

Maji yanaondoka kama yalivyokuja. Wako darasani, ni sherehe ya mwisho wa mwaka, meza ndefu moja, mikate ya nyama na juisi ya machungwa. Wamechanganyika hivi kwamba huwezi kujua nani alikuwa wa kipande gani.

Mlango unasukumwa. Anaingia jogoo mwekundu, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa cha kitenge cha kijani. Maulidi anamtambua mara moja. Ni jogoo wa mke wake. Mwantumu alimfunga kile kitambaa ili majirani wasije wakasema ni wao.

"Baba Mwanaidi," jogoo anasema, "kumekucha. Nimewika uani mara mbili husikii, nikaona nikufuate."

"Ahsante. Ngoja niage."

Jogoo anatazama meza. Anatazama watoto. Bi Harieti anamkatia kipande cha mkate na kukiweka mbele yake kwa uangalifu.

"Hawa wakiwa na sherehe," jogoo anauliza polepole, "huwa wanachinja nini?"

"Hapa ni mikate tu na juisi," Maandishi yanajibu.

"Na kesho?"

"Hapa hakuna kesho. Filamu inaishia hapa."

Jogoo anamgeukia Maulidi. "Shemeji yako si anakuja kesho mchana? Yule wa Manyoni?"

"Anakuja."

"Nilisikia mama akitafuta kisu."

Wanatazamana.

"Jogoo, twende nyumbani," Maulidi anasema.

"Mimi nimefika," jogoo anasema. Anaruka juu ya dawati, ambalo linalalamika, ananyoosha shingo, anawika kwa nguvu zake zote.

Maulidi aliamka.

Jua lilikuwa limeshapanda. Mwantumu alikuwa amesimama mlangoni, bakuli la pumba mkononi.

"Baba Mwanaidi, umelala mpaka saa hizi? Na jogoo wangu simuoni. Leo hata kuwika hakuwika."

"Atakuwa amekwenda matembezi," Maulidi alisema, akatafuta suruali.

"Matembezi! Na mgeni kesho anakuja. Nitazunguka mtaa mzima."

Bwalo la shule lilikuwa limejaa. Bi Fausta alikuwa ametundika shuka jeupe ukutani na kuziba madirisha kwa magunia ya alizeti. Kidato cha pili kilikaa pande tatu, na katikati yao kulikuwa na njia ambazo toroli lingepita. Maulidi alipochukua kipaza sauti, wengine walianza kugonga madawati. "Radi! Radi! Tupe radi!" Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Gidamisi.

Filamu ilianza. Marisoli alisimama, akanyoosha kidole, akafumbua mdomo. Bwalo likatulia kusubiri. Maulidi alihisi lile neno likiamka, likijinyoosha. Akalimeza, na lilishuka kama fundo la ugali mkavu.

"Anasema," alisema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe kwa udogo, "kuna mtu amekalia koti lake. La kaka yake."

Watu walitazamana. Mtu mmoja akapiga mluzi wa kukata tamaa.

"Radi, umeruka," sauti ilisema kutoka dirishani. Alikuwa Thuwaiba, amekaza macho kwenye shuka. "Maandishi yanasema kaka yake amefariki."

"Hayakusema amefariki," Gidamisi alisema kutoka nyuma. "Yamesema hayupo."

"Hayupo ndiyo amefariki!"

"Kaka yangu mimi hayupo, yuko Hanang na ng'ombe. Amefariki?"

"Wewe unasomaje ukiwa huko nyuma?"

"Ndiyo maana nasema yaandikwe makubwa!"

"Jamani, Kiingereza changu mnakijua," Maulidi alisema kwenye kipaza sauti. "Nikikwama mnisaidie."

Hakuhitaji kuomba mara mbili. Maandishi yalikuwa madogo kweli, na Gidamisi alichukua dawati lake begani, akaja kuliweka mbele. Wa katikati walisema anawaziba, wakasogeza yao. Wa dirishani hawakukubali kubaki nyuma. Filamu ilipofika nusu, kidato chote cha pili kilikuwa kimebanana mbele ya shuka kama kuku kwenye tenga, kila mmoja akimkosoa Radi, na wakimaliza Radi wanakosoana wenyewe. Thuwaiba na Gidamisi walibishana kuhusu neno moja mpaka Bi Fausta akaenda kuleta kamusi, na aliporudi aliwakuta wameshaungana dhidi ya mtu wa tatu. Hakuwaamulia. Alisimama mlangoni na kamusi yake kifuani, akapangusa miwani, akaivaa, akaipangusa tena.

Maulidi hakupigiwa mbinja hata moja. Koo lilimkauka, na mara tatu walimcheka waziwazi. Alilitafuta lile donge la wivu ambalo alidhani litakuwapo, akalikuta ni dogo.

Karibu na mwisho mlango wa bwalo ulifunguliwa kidogo. Mwantumu aliingiza kichwa, bado na bakuli la pumba, vumbi mpaka magotini. Akamwona mumewe, akamkonyeza kwamba hajampata jogoo. Akabaki amesimama kutazama.

Kwenye shuka ilikuwa sherehe ya mwisho wa mwaka. Meza ndefu, mikate, juisi ya machungwa. Bi Harieti alikuwa anacheka. Na katikati ya madawati, akipita kwa mwendo wa mwenye nyumba, alionekana jogoo mwekundu.

"Radi," Gidamisi alisema taratibu, "Marekani wanafuga kienyeji?"

Jogoo aligeuka upande. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kitambaa cha kitenge cha kijani.

Bakuli lilianguka mlangoni.

"Yule ni wangu!" Mwantumu alisema. "Baba Mwanaidi! Yule si jogoo wangu?"

Bwalo zima liligeuka kumtazama Mwantumu, likageuka kutazama shuka. Jogoo alikuwa ameruka juu ya dawati. Alinyoosha shingo, akawatazama moja kwa moja, akawika, muda mrefu, kwa raha. Chini yake hapakutokea maandishi yoyote.

Basi wote kwa pamoja, wa dirishani, wa katikati na wa nyuma, wakamgeukia Radi wakingoja tafsiri.

Maulidi aliinua kipaza sauti.

"Anasema tusimtafute," alisema. "Na shemeji apikiwe maharage."